Jinsi ya kuendesha kikundi cha masomo ya jioni ambacho vijana hawatakitoroka

Kila Januari na kila Julai, shule zikifunguliwa, simu yangu haipumziki. Anapiga mwalimu wa kujitolea, anapiga kiongozi wa vijana wa kanisani, anapiga mama ambaye watoto wake wamekwenda chuo na sebule imebaki tupu. Wote wanataka kuwakusanya wanafunzi wa sekondari baada ya masomo, na wote wanauliza yale yale: nianze na wangapi, nifundishe kwa lugha gani, nifanye nini wasichoke? Nimeona niandike mara moja, ili ukinipigia tuzungumze yale ya pekee ya kwako.

Naendesha kikundi hapa Mbeya, upande wa Uyole, huu ni mwaka wa sita. Ni wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha tatu, siku mbili kwa wiki. Nilianza vibaya. Mwezi wa kwanza walikuja 31, mwezi wa pili wakabaki 9. Nilikuwa nawaimbisha nyimbo za kupiga makofi na kumpa pipi aliyejibu vizuri, mambo niliyoyazoea nilipokuwa nafundisha darasa la pili. Binti mmoja wa kidato cha pili alinisubiri wenzake watoke, akasema kwa adabu zote, "Mwalimu, samahani, sisi si watoto."

Alinifundisha kazi. Kijana wa miaka 14 au 15 ukimchezesha anaona haya. Kinachomfurahisha ni kuliweza jambo lililomshinda jana, na wenzake wakaliona. Karibu kila kitu utakachosoma hapa chini kimetoka kwenye sentensi ile ya yule binti.

Andaa haya kabla hujamwita mtu

Ruhusa. Zungumza na mkuu wa shule wanakotoka, na ujitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na kwa mtendaji. Kisha barua fupi kwa kila mzazi au mlezi: siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, mahali, namba yako ya simu, na nafasi ya yeye kusaini. Asiyerudisha barua haanzi, hata kama unamfahamu tangu anazaliwa.

Watu wazima wawili. Wewe na mwenzako, na mmoja akiwa mwanamke ni vizuri zaidi. Mtu mzima hakai peke yake na kijana mmoja chumba kikiwa kimefungwa. Akiumwa mwenzako na hukupata wa kushika nafasi yake, kipindi kinaahirishwa.

Muda. Saa 10:00 hadi saa 11:30 jioni, siku mbili. Mwezi Juni huku kwetu jua huzama kwenye saa 12:30, na wapo wanaotembea nusu saa kufika nyumbani, kisha wanangojwa na maji ya kuchota na moto wa kuwasha. Ukimaliza saa 12:00 umewatia gizani. Epuka pia siku ya gulio la eneo lenu, maana nusu yao watakuwa mezani kwa mama zao wanauza.

Mahali penye meza za kusogezwa na nafasi ya kutoka nje. Darasa la kuazima linatosha, ukumbi wa kanisa au wa msikiti unatosha.

Vifaa. Usinunue vingi:
- karatasi za manila na makapeni ya rangi mbili
- mkebe wa hisabati mmoja kwa kila watu wanne
- futi kamba moja ndefu, au kamba ya katani uliyoifunga fundo kila mita moja hadi mita 30
- uzi, gundi, mkasi, kalamu zilizoisha wino, kokoto, vifuniko vya soda
- daftari la mahudhurio
- daftari moja kubwa la kikundi, ambalo nitalieleza baadaye

Uji. Nakuomba sana usiuone kuwa ni jambo dogo. Wengi wao wamekunywa chai saa 12 asubuhi, basi. Kwa vijana 25 natumia kilo moja ya unga wa ulezi na mahindi na kama nusu kilo ya sukari, kila mmoja anapata kikombe. Msimu wa viazi tunachemsha ndoo ya viazi, wanakula na chumvi. Kwa miezi mitatu nilidhani kikundi changu kina wavivu, na kumbe walikuwa na njaa.

Hatua ya 1: Waulize kabla hujapanga

Siku ya kwanza usifundishe. Gawa vipande vya karatasi, wasiandike majina, wajibu maswali mawili tu. Somo gani likianza unatamani kengele ilie? Na kitu gani unakijua vizuri kuliko watu wazima wa nyumbani kwenu?

Swali la pili ndilo lenye mali. Kwangu waliandika kusuka, kuziba pancha ya baiskeli, kukamua ng'ombe, kuchagua parachichi la kuuza na la kuacha liive. Mvulana mmoja aliandika, "Najua gunia la viazi lina debe ngapi kwa kulitazama tu." Karatasi ile moja ilinipa hisabati ya mwezi mzima.

Hatua ya 2: Anza na wachache, uwagawe wanne wanne

Kati ya 15 na 25 panatosha kabisa. Wakija 40, andika majina ya waliozidi na uwape tarehe ya awamu ya pili, usione aibu kufanya hivyo.

Makundi yawe ya watu wanne. Kundi la watano siku zote lina mmoja anayekaa akitazama. Changanya vidato, changanya wavulana na wasichana, ila msichana asiwe peke yake kwenye kundi la wavulana. Makundi yakae wiki sita ndipo uyabadilishe, wapate muda wa kuzoeana na hata kugombana na kupatana.

Hatua ya 3: Fungua mlango wa lugha

Hapa ndipo wanapoumia zaidi, na ndipo wengi mnaponiuliza. Mtoto amesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta hisabati, biolojia, jiografia, vyote kwa Kiingereza. Anayejua jibu ananyamaza kwa sababu hana neno la kulisemea. Mwalimu anadhani hajui, na baada ya muda mwenyewe naye anaanza kuamini hajui.

Mimi nafanya hivi. Mabishano yote ya kundi ni kwa Kiswahili, na anayetaka kutumia Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe na jirani yake, ruksa. Wakishapata jibu, nabandika ukutani maneno matano tu ya Kiingereza yanayohusu jambo lile. Kila kundi linaandika sentensi mbili za Kiingereza likiyatumia, kisha mtu mmoja anasimama kuzisoma. Maneno matano kwa kipindi, vipindi viwili kwa wiki: kwa muhula wa wiki 18 hayo ni maneno 180 ambayo mtoto ameyagusa kwa mikono yake.

Onyo: atakayemcheka mwenzake kwa matamshi, simamisha kazi hapo hapo. Usipige, usifokee, simamisha tu na useme kwa utulivu kwamba hapa hatuchekani. Ukiiachia siku ya kwanza, hutawasikia tena wasichana wa kidato cha kwanza mpaka mwaka uishe.

Hatua ya 4: Kila kipindi kiwe na swali moja, na swali litoke kwao

Usitangaze mada. Ukisema "leo tutasoma trigonometria" umeshafunga masikio yao. Uliza swali ambalo wamelikanyaga maisha yao yote bila kulitazama. Haya yamenifaa:

Kwa nini Julai asubuhi majani ya Makete huwa meupe kwa barafu, na siku hiyo hiyo Kyela watu wanatafuta kivuli? (Kyela ipo ufukweni mwa Ziwa Nyasa, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Makete inapita mita 2,000.)

Kimondo cha Mbozi kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 12 hadi 16, na sehemu kubwa yake ni chuma. Je, kingeenea ndani ya chumba hiki? Wape densiti ya chuma, gramu 7.8 kwa sentimita moja ya ujazo, wakokotoe. Watakuta kati ya mita za ujazo 1.5 na 2, yaani kingeingia na tukabaki na nafasi ya kukaa. Hakuna anayeamini mpaka wachore mraba sakafuni kwa chaki.

Kwa nini bibi akitoka Dar es Salaam analalamika kwamba maharage ya huku hayaivi? Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha maji kuchemka hushuka kwa takribani nyuzi 1. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700, hivyo maji yetu huchemka karibu na nyuzi 94 badala ya 100. Azima kipimajoto cha maabara shuleni mhakikishe wenyewe. Kiwe cha spiriti, si cha zebaki, na sufuria aishike mtu mzima.

Lumbesa nayo usiiache. Mkulima analipwa bei ya gunia la kilo 100, mnunuzi amelijaza mpaka kilemba, uzito umefika kilo 130. Mkulima amepunjwa asilimia ngapi ya viazi vyake? Karibu wote watasema 30. Waache wabishane. Kilo 30 kati ya 130 ni kama asilimia 23, na ile 30 ni nyongeza aliyoipata mnunuzi juu ya kilo alizolipia. Siku tuliyofanya hesabu hii yule mvulana wa madebe alisimama ubaoni dakika kumi, na nilijua baba yake analima viazi. Tangu pale hesabu za asilimia hazikumsumbua tena.

Hatua ya 5: Gawa dakika 90 hivi

Dakika 15 uji na maongezi. Dakika 10 swali, na kila kundi liandike makisio yake kabla ya kufanya lolote. Dakika 40 kazi ya mikono. Dakika 15 kueleza walichopata. Dakika 10 za mwisho kuandika.

Makisio usiyaruke hata siku moja. Mtu akishaandika "mita 12" kwa mkono wake anataka kujua kama amepatia, na hamu hiyo inambeba dakika 40 zote.

Nikuonyeshe kipindi kimoja kilivyokwenda, uone. Nje ya ukumbi wetu pana mkaratusi mrefu. Swali: una urefu gani, na hakuna ruhusa ya kuupanda?

Kila kundi lilitengeneza chombo. Unachukua kile kinusu duara cha kupimia pembe kwenye mkebe, unagundisha bomba la kalamu iliyoisha wino kwenye ule upande wake ulionyooka, kisha unafunga uzi wa sentimita 30 katikati ya upande huo na kokoto kwenye ncha. Ukichungulia kwenye bomba ukiwa umelilaza sawa, uzi unaning'inia kwenye 90. Ukiinua macho kutazama kilele, uzi unahama. Ukisoma 45, simama hapo hapo: umbali kutoka ulipo hadi kwenye shina ni sawa na urefu wa mti kuanzia usawa wa macho yako. Ongeza kimo cha macho yako, umemaliza.

Walitawanyika uwanjani wakirudi kinyumenyume, jicho moja limefumbwa, mwenzao wa pembeni akisoma uzi na kupiga kelele, "Arobaini na tatu! Rudi! Rudi tena!" Makundi manne yalileta mita 18.9, 19.2, 18.4 na 19.0. La tano likaleta 22.3.

Makundi yale manne yakaanza kulizomea la tano. Niliwauliza kitu kimoja tu: mlisimama wapi? Walikuwa wamesimama upande wa bondeni, maana pale uwanja unateremka. Msichana wa kundi lile alikaa kimya kidogo, kisha akachukua chombo akashuka mpaka mahali walipopimia. Akakilaza mpaka uzi ukasoma 90, akachungulia, akaona jicho lake limegonga ardhi mahali fulani kwenye mteremko. Akatembea hadi pale, akafanya tena. Mara ya pili jicho likagonga mzizi wa mti. "Mwalimu, ni macho yangu mara mbili," akasema. Macho yake yapo mita 1.5 kutoka chini. Walikuwa wamesimama mita 3 chini ya mti. Wakatoa 3, wakapata 19.3.

Hakuna aliyemfundisha njia ile. Wenzake walipiga makofi wenyewe, bila kuambiwa, na mimi nilikaa chini kwenye ngazi ya ukumbi kwa sababu machozi yalikuwa karibu. Kipindi kilichofuata walitaka kupima mnara wa simu.

Onyo juu ya hatua hii: mkono wako utawasha kuwasahihisha. Uzuie. Ukimwambia mtoto kosa lake liko wapi, umemnyima sehemu tamu ya kazi. Uliza swali moja, ondoka nenda kundi lingine.

Hatua ya 6: Shindanisha makundi, usishindanishe watoto

Vijana wanapenda kushindana, na huna sababu ya kuwazuia. Ila pointi ziende kwa kundi, na zisitolewe kwa jibu sahihi peke yake. Mimi natoa pointi 1 kwa jibu, 2 kwa sababu iliyoelezwa vizuri, na 2 kwa kundi lililogundua kosa lake lenyewe. Usibandike orodha ya wa kwanza mpaka wa mwisho. Hiyo wanayo ya kutosha shuleni.

Mdahalo ni silaha nyingine nzuri. Weka hoja inayogusa maisha yao, kwa mfano kama parachichi linamnufaisha mkulima mdogo wa Rungwe kuliko chai. Dakika 10 za kujiandaa, kisha wabadilishane pande ghafla: waliotetea wapinge. Wakishageuzwa hivyo wanaanza kusikiliza kweli.

Hatua ya 7: Wape madaraka

Mtunza muda, mtunza vifaa, mpika uji, mwandishi wa daftari la kikundi. Badilisha kila wiki mbili, na wavulana wapike uji zamu kwa zamu kama wasichana. Kuanzia wiki ya tano, kundi moja liandae swali na kuendesha kipindi lenyewe, wewe ukikaa nyuma. Kipindi chao cha kwanza kitakuwa na vurugu. Kivumilie.

Daftari kubwa la kikundi linaandikwa kila kipindi: swali lilikuwa nini, nani alikisia nini, tulipata nini, wapi tulikosea. Ukurasa mmoja tu. Baada ya miezi miwili utaona wakija mapema kulisoma.

Hatua ya 8: Leta watu wa nje

Kila wiki ya sita mwalike mtu mmoja mwenye kazi ya mikono: seremala, fundi wa pikipiki, mama anayeuza viazi soko la Mwanjelwa, mtu wa chai kutoka Mufindi kama mko Iringa. Mwombe asihutubie. Aje na zana zake na tatizo moja la kazi yake, vijana walitafutie hesabu. Seremala wetu alileta mbao za msonobari akataka kujua atakata vipi apate vipande vingi bila kubakiza vipisi. Alikaa nao mpaka nikamkumbusha saa.

Siku hiyo hiyo karibisha wazazi. Vijana wenyewe waeleze, kwa lugha ambayo mzazi anaielewa.

Hatua ya 9: Mtihani usiufiche

Kidato cha pili wana upimaji wa kitaifa karibu na mwisho wa mwaka, na cha nne wana wa kumaliza. Wanauogopa, nawe usijifanye haupo. Kuanzia Septemba, kipindi kimoja cha wiki tunafanya maswali ya miaka iliyopita wawili wawili, kisha wanasahihishiana na kuelezana kwa nini jibu ni hilo. Kipindi cha pili kinabaki cha swali letu kama kawaida. Ukifuta vyote kwa ajili ya mtihani, umewarudisha darasani waliposhatoka.

Makosa ninayoyaona kila mara

Zawadi kwa jibu sahihi. Pipi, soda, hela: ukianza hutaacha, na siku ikikosekana utabaki na viti.

Kurudia somo la asubuhi kwa sauti ya juu zaidi. Kama hakuelewa likifundishwa hivyo mara ya kwanza, kulirudia vile vile hakutamsaidia.

Kutegemea projekta na kompyuta. Umeme ukikatika saa 10:20 umebaki na vijana 25 na ukuta mweupe. Iwe nyongeza tu.

Fimbo. Usiingie nayo kabisa.

Picha za watoto mitandaoni. Bila saini ya mzazi, hakuna picha inayotoka, hata ya kumwonyesha mfadhili.

Ikikwama

*Hawasemi kitu.* Usimwite mtu kwa jina. Weka vikombe viwili mezani, ndiyo na hapana, kila mmoja adondoshe kokoto. Kisha kila mtu amweleze jirani yake sababu kwa dakika mbili. Baada ya hapo uliza, "Jirani yako alisemaje?" Kumsemea mwenzako ni rahisi kuliko kujisemea.

*Mmoja anajibu kila kitu.* Mpe vifuniko vitatu vya soda, na wenzake vile vile. Kila ukisema unalipa kimoja. Vikiisha, unasikiliza. Baada ya vipindi viwili vitatu huhitaji vifuniko tena.

*Mahudhurio yameshuka Novemba na Desemba.* Mvua zimeanza, watu wako shambani wanapanda. Punguza iwe siku moja kwa wiki, usiwalaumu. Na swali la wiki liwe la shamba: nafasi kati ya mashina, mbegu kwa ekari, mbolea.

*Wasichana wanapungua.* Nenda nyumbani kwao, usitume ujumbe. Piga hodi, msalimie mama vizuri, kaa, unywe chai ukipewa, kisha uliza. Mara nyingi ni maji na mapishi ya jioni. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi sikatai, ila nani atanishikia mtoto?" Tulikubaliana binti yake aje siku moja badala ya mbili. Siku hiyo moja hakukosa mwaka mzima. Ukihisi tatizo ni zito kuliko hilo, kwamba binti anaumizwa au anaozeshwa, usilibebe peke yako: ofisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi wapo kwa ajili hiyo, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto inapigwa bure.

*Mzazi anasema mnacheza tu.* Mpe daftari la kikundi alisome, au mtoto wake amsomee. Akiona kurasa za hesabu kwa mwandiko wa mwanawe, mazungumzo hubadilika.

*Yupo kidato cha kwanza asiyeweza kusoma vizuri hata Kiswahili.* Wapo, na wanajificha kwa ustadi: kila siku amesahau miwani, kila siku anamsukumia mwenzake karatasi. Usimfichue. Mpe kazi ya kupima na kuchora, na umwombe aje dakika 20 mapema "kusaidia kupanga vifaa", mkiwa na yule mtu mzima wa pili chumbani. Katika dakika hizo soma naye.

*Mvua imeanza na kwa kelele za bati hamsikizani.* Huku kwetu hili litakukuta kuanzia Desemba hadi Aprili, na huwezi kushindana na bati. Weka boksi la kazi za kimya chini ya meza: kete za bao, kadi za mafumbo ya hesabu mlizoandika wenyewe, ramani ya mkoa iliyokatwa vipande waiunge, karatasi za kuchora kwa kipimio. Fundisha ishara tatu za mkono tangu wiki ya kwanza: badilisha kazi, tazama ubaoni, kusanya vifaa. Ikizidi, kunja ratiba mapema, ila wasitoke wakati radi inapiga. Wape uji uliobaki wangoje ipungue, na wa njia moja waondoke pamoja.